Anga ya Juu ya Tshopo Ina Wapangaji, Haina Kodi

Mji wa Banalia umekaa kando ya mto Aruwimi, kilomita 128 hivi kaskazini ya Kisangani kwa barabara iendayo Buta. Uchumi wake unafahamika: mpunga, mihogo, samaki, mbao, na dhahabu inayochimbwa kwa beleshi na karai, hasa upande wa Panga. Ipo mali nyingine ambayo haimo katika hesabu za wilaya. Banalia iko digrii moja na nusu tu kutoka ikweta, hivyo iko karibu kabisa chini ya ule ukanda wa anga ambamo satelaiti kubwa za televisheni na mawasiliano huwekwa, kilomita 35,786 juu ya ardhi. Satelaiti iliyo katika ukanda huo huzunguka sambamba na dunia, kwa hiyo mtu aliye chini huiona kama imesimama mahali pamoja. Ukanda ni mmoja, uko juu ya ikweta peke yake, na satelaiti zinazotumia masafa yaleyale haziwezi kubanana bila kuharibiana mawimbi. Ndiyo maana nafasi zake zina thamani.

Ukitazama juu kutoka mkoa huu wa Tshopo, nani amekaa hapo? Kwenye digrii 26 mashariki, karibu sawasawa na longitudo ya Banalia, zimo satelaiti za Badr za shirika la Arabsat lenye makao Riyadh, na jirani yake zimo za Es'hail za Qatar. Kwenye digrii 28.2 zimo Astra za kampuni ya SES ya Luxembourg, zinazopeleka televisheni katika nyumba za Uingereza. Kwenye 23.5 ipo Astra nyingine, na kwenye 21.5 wamo Eutelsat wa Ufaransa. Nafasi zote hizo ziko juu ya ardhi ya Kongo. Mtazamaji wa mpira aliyeko Manchester ameelekeza dishi lake kusini, kwenye chombo kilicho juu ya misitu yetu. Kinshasa hailipwi hata senti, na kwa sheria ilivyo haidai kitu.

Iliwahi kudai. Desemba 3, 1976, wajumbe wa nchi za ikweta, wakiwemo wa Kolombia, Ekuado, Indonesia, Kenya, Uganda na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, walikutana Bogotá na kutangaza kwamba kipande cha ukanda huo kilicho juu ya kila nchi ni sehemu ya mamlaka yake. Hoja yao ilikuwa kwamba satelaiti husimama pale kwa nguvu ya mvutano wa dunia, basi ukanda ni maliasili kama maji na madini. Mataifa makubwa yaliwajibu kwa Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, ambao Kongo yenyewe ilikuwa imeutia saini. Ibara yake ya pili inasema hakuna taifa linaloweza kujimilikisha anga ya juu, mwezi wala sayari, iwe kwa kudai mamlaka, kwa kutumia au kwa kukalia. Azimio la Bogotá halikupata nguvu ya kisheria. Hata Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ambayo ibara yake ya 9 inataja mamlaka ya dola juu ya udongo, chini ya udongo, maji, misitu na anga ya ndege, haitaji chochote kilicho juu zaidi ya hapo.

Kwa maoni yangu wale wajumbe walikosea dai lakini malalamiko yao yalikuwa ya haki. Kilichowakera ni kwamba nafasi zilikuwa zikichukuliwa na aliyetangulia, na aliyetangulia alikuwa yuleyule mwenye roketi. Malalamiko hayo yalizaa kitu. Mikutano ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, iliyofanyika Geneva mwaka 1985 na 1988 ilipanga kila nchi itengewe angalau nafasi moja katika sehemu fulani ya masafa, iwe na satelaiti au isiwe nayo. Nje ya mpango huo, kanuni ya zamani inaendelea: anayepeleka maombi mapema na kukamilisha uratibu na majirani zake ndiye anayelindwa, mradi aweke chombo ndani ya miaka saba.

Daftari la maombi hayo huko Geneva ndilo soko lenyewe, na nchi ndogo zimeligundua. Tonga, visiwa vya Pasifiki visivyo na roketi, iliomba nafasi 16 mwaka 1988 na kubaki na sita, ikazikodisha kwa makampuni ya nje kupitia kampuni ya Tongasat. Sehemu kubwa ya hisa ilikuwa mikononi mwa binti wa mfalme, na ugomvi kuhusu fedha hizo ulifika mahakamani. Wananchi hawakunufaika kama walivyotarajia. Karibu na sisi, Rwanda iliwasilisha mwaka 2021 maombi ya satelaiti 327,320 za obiti ya chini, kwa ushirikiano na kampuni ya mfanyabiashara Greg Wyler. Idadi hiyo ilishtua sekta nzima. Hakuna anayeamini zote zitarushwa, na tangu 2019 ITU inataka mwenye kundi la satelaiti aoneshe asilimia 10, kisha 50, kisha zote kwa tarehe maalumu. Lakini Kigali imejua kwamba foleni ni mali, ikajipanga. Sisi tulio ng'ambo ya mpaka, wenye kipande kirefu cha ikweta kuliko nchi nyingi za Afrika, tumebaki watazamaji.

Mchimbaji wa Banalia anaielewa biashara hii kuliko anavyodhaniwa. Tangu Sheria ya Bakajika ya Juni 7, 1966, ardhi na kilicho chini yake ni vya dola. Haki ya kuchimba hutoka katika daftari la madini, CAMI, ambalo limeigawa nchi nzima katika viwanja vya mraba vya hekta 84.955 kila kimoja, na maombi hupangwa kwa tarehe ya kuingia. Mtu anaweza kuchimba kijito ambacho babu yake alikijua, kisha siku moja akaja mgeni na karatasi inayosema kiwanja kina mwenyewe tangu miaka kadhaa. Yule wa kijito hakunyang'anywa umiliki, kwa kuwa hakuwa nao. Alichelewa tu kufika kwenye daftari, na daftari liko Kinshasa.

Na si mara ya kwanza bonde hili kupitia hayo. Mwaka 1887 Tippu Tip alitia saini mkataba Zanzibar akawa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Pembe za ndovu, njia na watu wenye bunduki vilikuwa vyake. Karatasi iliyotawala biashara ilikuwa Brussels: amri ya Julai 1, 1885 ya Dola Huru ya Kongo ilikuwa imekwisha kutamka kwamba ardhi tupu zote ni za dola, na misitu ya Aruwimi, ambako watu waliwinda na kuvuna kwa vizazi, ikahesabiwa tupu. Leo anga ya juu inaelezwa kwa sifa hiyohiyo, kwamba haina mtu. Huko kwa kweli hakuna anayefukuzwa shambani, lakini nahofia jinsi neno hilo linavyogeuka kwa urahisi kuwa hati ya mtu fulani.

Hati za madini ya angani zimeshaanza kutolewa. Novemba 2015 Marekani ilipitisha sheria inayowaruhusu raia wake kumiliki na kuuza wanachochimba mwezini au kwenye asteroidi, ikisisitiza kwamba haidai mamlaka juu ya mahali penyewe. Luxembourg ikafuata mwaka 2017, Falme za Kiarabu 2019, Japani 2021. Makubaliano ya Artemis ya Oktoba 2020, yanayoongozwa na Marekani, yanasema kuchimba hakuhesabiwi kuwa kujimilikisha. Nigeria na Rwanda zilisaini Desemba 2022, Angola mwaka uliofuata. China na Urusi zina mpango wao wa kituo cha mwezini, ambao Misri na Afrika Kusini zimejiunga nao. Mkataba wa Mwezi wa 1979, uliouita mwezi urithi wa pamoja wa wanadamu, umebaki na wanachama 17 baada ya Saudi Arabia kujitoa, na hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kupeleka mtu angani kwa chombo chake.

Kibiashara, madini haya bado ni ahadi. Mwekezaji akikuambia kwamba asteroidi zitafunga migodi ya Kolwezi muongo huu, shika mfuko wako. Chombo cha OSIRIS-REx kilirudisha kutoka asteroidi ya Bennu gramu 121.6 mnamo Septemba 2023, kwa gharama inayozidi dola bilioni 1. Kwa mizani ya wanunuzi wa dhahabu hizo ni tola 10 na kidogo. Kampuni ya Planetary Resources, ambayo Luxembourg iliiwekea mamilioni ya yuro, iliishiwa fedha na kununuliwa mwaka 2018. AstroForge ya California ilirusha chombo Februari 2025 na kupoteza mawasiliano nacho. ispace ya Japani, iliyopewa na NASA mkataba wa dola 5,000 wa kuuza udongo wa mwezini, imeanguka mara mbili ikijaribu kutua, Aprili 2023 na Juni 2025. Dola 5,000 ni fedha ndogo kwa shirika kama NASA, lakini nia haikuwa udongo. Nia ilikuwa kupata mfano wa kwanza wa mauzo, ili siku soko likija desturi iwe imeshawekwa.

Hapo ndipo Kongo inapaswa kuamka, kwa kuwa nchi inayotoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia ina mengi ya kupoteza bei ikivurugwa. Na tuna uzoefu. Katika majadiliano ya Sheria ya Bahari ya miaka ya 1970, Zaire ilikuwa mstari wa mbele kati ya wazalishaji wa nchi kavu waliotaka kobalti na shaba ya chini ya bahari iwekewe kikomo. Mkataba wa 1982 uliwapa kikomo hicho. Makubaliano ya 1994 yaliyoubadilisha yakakiondoa na kuacha ahadi ya msaada. Lakini walikuwepo mezani, na waliongea kama wafanyabiashara wanaojua bidhaa yao.

Kinachoingiza fedha leo ni intaneti ya satelaiti na picha. Starlink ilionywa na ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, mwaka 2024 kwa kutoa huduma bila leseni, kisha ikapewa leseni Mei 2025. Leseni ndilo lango ambalo dola inalimiliki kweli: haiwezi kutoza kodi obiti, ila inaweza kutoza dishi linalopokea kwenye ardhi yake. Sheria ya madini ya 2018 ilikwisha kuonesha njia, kwa kuipa serikali ya mahali asilimia 15 ya mrabaha na mkoa asilimia 25. Leseni za satelaiti hazina mgawo kama huo, na sioni sababu ya Banalia kukosa kituo cha afya au shule iliyounganishwa huku mawimbi yanauzwa juu yake.

Picha nazo. Misitu ya Tshopo hupigwa picha mfululizo kutoka juu, na kanuni za Umoja wa Mataifa za 1986 zinaipa nchi iliyopigwa haki ya kupata data kwa gharama ya kawaida, bila kuipa haki ya kukataza. Picha za Landsat ni bure tangu 2008. Thamani iko kwa anayezisoma, akazigeuza hesabu ya hewa ukaa au ramani ya miamba. Shirika la OSFAC mjini Kinshasa linafanya kazi hiyo upande wa misitu, na Chuo Kikuu cha Kisangani kina wanasayansi wanaoujua msitu huu kwa miguu. Kuwalipa hao ni nafuu kuliko kununua satelaiti ya kifahari.

Mwaka 2027 kuna vikao viwili. Kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa cha Vienna kinatarajiwa kukamilisha misingi yake kuhusu rasilimali za anga, na ITU itafanya mkutano wake mkuu wa mawimbi mjini Shanghai. Shirika la Anga la Afrika, lililozinduliwa Cairo Aprili 2025, litatafuta kauli moja ya bara. Ujumbe wa Kongo uende na mtu wa CAMI pamoja na wahandisi wa ARPTC, uulizie nafasi iliyotengwa kwa jina la nchi tangu 1988 na hali yake ya leo, na udai kwamba kibali chochote cha kuchimba angani kiwe na muda, ada ya kila mwaka na sehemu ya mapato kwa nchi zisizo na roketi. Masharti ya muda na ada ndiyo yanayombana mwenye hati ya mchanga wa Aruwimi.