Maji hayatamkiki, Alfatiha inatoka yote

Kwa kila anachotaka kusema, mzee huyu wa kijiji cha Madimba, Mtwara, ana sauti moja tu: "te." Akitaka maji ni "te", akimwita mkewe ni "te", akikasirika ni "te, te, te" huku mkono wa kushoto ukipiga mkeka. Kiharusi kilimwangusha shambani, chini ya mikorosho. Kilimlegeza mkono na mguu wa kulia, na siku hiyohiyo kikamfunga ulimi.

Muuguzi mstaafu anayemtembelea aliketi karibu naye barazani, akaanza Alfatiha kwa mahadhi ya madrasa, polepole. Kwenye aya ya pili mzee akadakia. Akaenda naye hadi mwisho, aya zote zilizobaki, kila herufi mahali pake, kwa kinywa kilekile kilichopinda. Akaitikia "Amin" bila kukwama. Mkewe akainama: "Mzee, nikupe maji?" Mzee akafumbua mdomo, mishipa ya shingo ikamtoka. "Te."

Nilifika Madimba kwa habari ya gesi, kama wanavyofika waandishi wengi tangu mtambo wa kuisafisha uanze kazi mwaka 2015. Habari ya gesi niliiandika ikaisha. Hii ya mzee haikuniacha.

Muuguzi huyo, ambaye kijijini wanamwita Mama Nesi, ameomba nisitaje jina lake wala la mgonjwa. Anasema jambo linalomuumiza zaidi ni shutuma. Wajukuu wakipita wanasema, "Shikamoo babu," na babu anajibu, "Marahaba," imenyooka kabisa. Akianzishiwa moja, mbili, anahesabu mpaka kumi. Basi ndugu wakaanza kunong'ona: kama anaweza hayo, mbona mengine hawezi? Wako waliosema kapandwa na jini, wako waliosema anadeka. "Mtu hadeki mpaka akajinyima maji," anasema Mama Nesi. "Hilo neno analo. Njia ya kulitolea ndiyo imefungwa."

Kisha kuna habari ya mkono. Siku za mwanzo, anasimulia, mzee alikataa kula na wenzake. Sinia la ugali wa muhogo na kisamvu likiwekwa, anageuza uso ukutani. Nyumbani wakadhani hana hamu ya chakula. Mama Nesi alikaa naye kimya mlo mzima, akaona jinsi alivyoutazama mkono wake wa kulia uliolala pajani, kisha wa kushoto, kisha sinia. Mtu aliyefunzwa tangu utoto kwamba mkono wa kushoto ni wa kujisafishia chooni, leo autie kwenye sinia la watu? Mama Nesi aliomba apewe sahani yake na kijiko, na mkewe ale pembeni yake, naye kwa kijiko. Siku hiyo alikula akamaliza.

Nilimuuliza kwa nini mkono wa kulia na ulimi viondoke pamoja. Alijibu kwa kuugusa upande wa kushoto wa kichwa chake mwenyewe. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi mno ndio wenye kazi kubwa ya kupanga maneno. Damu ikikatika huko, vyote vinaguswa kwa pigo moja.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Pierre Broca alimchunguza mgonjwa aliyekuwa na silabi moja tu, "tan". Mgonjwa huyo alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika mbele, upande wa kushoto. Baadaye, London, daktari John Hughlings Jackson aliona kwamba wagonjwa wa namna hiyo wanaweza kutukana, kuhesabu, hata kusali, ingawa hawawezi kuunda sentensi mpya. Alishuku kwamba upande wa kulia ndio unaoyatoa maneno hayo yaliyozoeleka.

Ila ushahidi mkubwa kuhusu pande hizi mbili ulitokana na upasuaji. Pande hizo zimeunganishwa na utepe mnene wa nyuzi za fahamu zipatazo milioni 200. Mwaka 1962, Los Angeles, madaktari Philip Vogel na Joseph Bogen waliukata utepe huo kwa mgonjwa wa kifafa kikali, askari wa zamani anayejulikana kwa herufi W.J., ili kuzuia degedege lisivuke kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kifafa kilipungua sana. Mtu akatembea, akaongea, akacheka. Ukikaa naye usingejua lolote.

Roger Sperry na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga ndio waliogundua kilichofichika. Kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji huo, picha ya kitu ilimulikwa kwa sehemu ndogo ya sekunde upande wa kushoto wa upeo wa macho, ambako habari yake huingia ubongo wa kulia. "Umeona nini?" Mgonjwa alijibu hakuona kitu. Lakini akiambiwa apapase kwa mkono wa kushoto nyuma ya pazia, mkono ulikiokota kitu kilekile. Upande usio na maneno ulikuwa umeona, umeelewa na umechagua, na mwenye kinywa hakuwa na habari. Sperry alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Mama Nesi aliposikia habari hiyo alitikisa kichwa taratibu, akatoa mfano wake. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili za Mto Ruvuma, alisema. Ondoa kivuko na mitumbwi, kata na simu: huku watalima, kule watalima, ila msiba wa huku kule hautasikika. Haina maana kwamba kule hakuna watu.

Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta. Utepe wa mzee wetu haujakatwa. Ulioumia ni upande unaosema. Lakini majaribio yale yanatufundisha jambo linalomhusu moja kwa moja: kimya cha mtu si kipimo cha akili yake. Na tusiyachanganye na porojo za semina, kwamba fulani ni mtu wa ubongo wa kushoto, hodari wa hesabu, na mwenzake wa kulia, msanii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipima picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, na mwaka 2013 wakaeleza kwamba hawakuona watu wa namna hiyo. Wote tunatumia pande zote.

Wataalamu wa Boston walianza mwaka 1973 kuwafundisha wagonjwa wa aina ya mzee wetu maneno kwa kuyaimba, huku mkono wa kushoto ukigonga mapigo. Mbunge wa zamani wa Marekani Gabrielle Giffords, aliyepigwa risasi upande wa kushoto wa kichwa mwaka 2011, alisaidiwa na nyimbo kuyarudia maneno. Mama Nesi hakufundishwa mbinu hiyo popote. Aliona tu kisomo kinapita, akaamua kuliweka neno "maji" juu ya mahadhi, akiushika mkono wa kushoto wa mzee na kuugonga mkekani: ma, ji. Siku nyingine linatoka. Siku nyingine halitoki, na mzee analia.

Yapo maswali niliyobaki nayo. Kwa nini Kiarabu alichokihifadhi bila kukizungumza kibaki, na Kimakonde cha mama yake kiondoke? Anaposoma Alfatiha, je, anaomba, au ni ulimi tu unaotembea njia iliyozoeleka? Mama Nesi alinijibu kwamba hilo la pili si la nesi, wala si la mwandishi.

Lisilo na utata ni hili. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kuzingatia tofauti za umri, kiharusi kilipata watu wapatao 316 kwa mwaka katika kila 100,000 Dar es Salaam, na 109 Hai. Chanzo kikubwa ni presha, na presha hupimwa kwa dakika chache. Wataalamu wa kurudisha usemi ni wachache mno nchini. Kazi yao kijijini inafanywa na wastaafu wenye huruma. Serikali iwasomeshe wengine na kuwaajiri mpaka hospitali za mikoa ya kusini.

Nawe msomaji, ukiona ndugu yako uso umepinda, mkono umelegea, usemi umekwama, mkimbize hospitali saa ileile, mengine yatafuata. Akirudi nyumbani bila maneno, msalimie, mshirikishe, mwimbie, msubiri. Usizungumze habari zake mbele yake kana kwamba hayupo, maana anakusikia.