Misimu Miwili ya Oicha

Oicha, makao makuu ya teritwari ya Beni, iko kilomita kama 30 kaskazini ya mji wa Beni, kwenye barabara ya Eringeti na Komanda. Ikweta iko karibu, hivyo mvua haikawii kurudi. Mkulima ana misimu miwili kwa mwaka: msimu A, ambao mbegu zake huingia ardhini mwisho wa Agosti na Septemba, na msimu B wa mwezi wa tatu. Shule nazo hufunguliwa Septemba. Kwa wiki kadhaa mtoto anasoma mara mbili: asubuhi ubaoni, mchana nyuma ya mama yake mwenye jembe, akidondosha maharagwe kwenye mashimo na kuyafukia kwa mguu. Maharagwe huvunwa baada ya miezi mitatu hivi, mpunga wa mlimani minne, muhogo mwaka mzima au zaidi. Mtoto anazijua hesabu hizo kabla hajaandika jina lake vizuri, na mimi naziona kuwa hesabu za kwanza zenye uzito maishani mwake.

Wanande, wakulima wa eneo hili, ambao wengi wao leo hupenda kuitwa Wayira, tangu zamani wamejitambulisha kwa kazi ya kufyeka msitu. Aliyetangulia kufungua ardhi ndiye mukonde, na ukoo wake ndio unaowagawia wengine mahali pa kulima. Anayelima hutoa muhako, zamani mara nyingi mbuzi, kuonyesha kwamba anaitambua haki hiyo. Jioni wanaume walikaa kwenye kyaghanda, kando ya moto, vijana wakisikiliza: mpaka wa nani unaishia wapi, nani alirithi nini kwa nani, migomba ipandwe upande gani. Siku hizi jina la kyaghanda linasikika zaidi kama chama cha utamaduni cha Wayira. Mafundisho yenyewe yamehamia kwenye mashamba ya pamoja, yawe ya kanisa, ya shule au ya akina mama waliojiunga.

Shamba-shule, mtindo ambao FAO iliuanzisha kwenye mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989, halina mwalimu wa kusimama mbele. Wakulima hukutana shambani msimu mzima, wanalinganisha mstari huu na ule, wanabishana, kisha wanaamua. Mtindo huo unawafaa watu wa hapa, kwa sababu magonjwa ya mimea yamewazoesha kuamini wanachokiona. Kahawa ya robusta ilikaushwa na mnyauko miaka ya 1990, kakao ikachukua nafasi yake. Ndizi nazo zikapata mnyauko wa bakteria, ulioonekana Masisi mwaka 2001 na kuendelea kuenea Kivu. Kuuzuia ni kazi ya mikono: ua dume la mkungu linavunjwa kwa kijiti chenye panda, bila kuligusa kwa chuma, na panga linapitishwa motoni kabla ya kwenda shina jingine. Hayo hayaingii kichwani kwa mkutano wa siku moja. Watu wanayazoea wakiyafanya pamoja, pale shinani.

Kakao ndiyo yenye shughuli, hasa Oktoba hadi Desemba. Vijana wanaangua matunda, akina mama na wadogo wanayapasua na kutoa mbegu zenye utelezi mtamu, ambao watoto hawaachi kuufyonza. Mbegu zinafunikwa kwa majani ya migomba siku tano hadi saba, zikigeuzwa ili zipate joto sawasawa, ndipo zianikwe juu ya shitingi. Wingu likitokea, nyumba nzima inakimbia kuzianua. Asiyeweza kusubiri huziuza mbichi kwa bei ya chini. Subira ni somo gumu kufundisha mahali penye njaa.

Na njaa hiyo ina chanzo. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya kundi la waasi la ADF yamewafukuza watu kwenye mashamba ya mbali, na siku za mavuno zimekuwa siku za hofu, kwa kuwa ndipo watu wanapolazimika kuingia ndani kabisa. Wengi wanatoka asubuhi na kurudi kabla jua halijashuka, au wanabaki na vipande vya lengalenga na viazi vitamu karibu na nyumba. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule anaingia ujana bila kuizoea njia ya shamba la babu yake. Shamba la pamoja lililo kando ya makazi ndilo linalomfundisha mwaka unavyokwenda.

Wambuti, watu wa msitu, nao wametolewa humo na vita hivyo hivyo, na wengi wanaishi sasa pembezoni mwa Oicha. Zamani walileta nyama na asali, wakapewa ndizi na chumvi. Siku hizi wengi hupewa kibarua cha siku moja kwenye mashamba ya wengine. Ningependa wagawiwe mistari yao kwenye mashamba ya kujifunzia, na wazee wao wakae upande wa wanaofundisha. Kakao inahitaji kivuli, na anayefyeka anapaswa kujua ni miti ipi aiache isimame. Wazee wa Kimbuti wanaijua miti hiyo mmoja mmoja, kwa jina, kwa maua yake, na kwa nyuki wanaokuja kuifuata.