Tununue Wapi Katani ya Vyondo?



Hapa Kitui na Makueni kina mama wamesuka vyondo tangu zamani. Wazee wetu walitumia nyuzi za gome la mbuyu. Siku hizi wengi tunatumia katani. Lakini kiondo chaweza kuharibikia sokoni, hata kabla hakijaanza kusukwa.

Kikundi kimoja tunachokijua kilipata oda ya vyondo 40. Wakanunua katani ya rangi, bei nafuu, bila kuijaribu. Vyondo viliponyeshewa, rangi nyekundu ikaingia kwenye nyeupe. Mnunuzi akakataa mzigo wote. Hizo pesa zilikuwa akiba ya kina mama. Rahisi huvunja upishi!

Basi tununue wapi?

Kwanza, kwa jirani. Mashamba mengi ya kwetu yana ua wa mkonge. Hapa hakuna nauli, na unamjua aliyeiparua. Ila kusokota na kutia rangi ni kazi yenu.

Pili, soko la karibu, kama Wote, Emali, Kibwezi au Mwingi. Unashika mali kwa mkono, na ikiwa mbaya unajua pa kuirudisha.

Tatu, Nairobi. Soko la Kariokor linajulikana kwa vyondo na mikanda ya ngozi. Lakini pigeni hesabu kwanza. Tuseme, kwa mfano tu, kilo moja ni shilingi 150 hapa na 120 Nairobi. Kwa kilo 20 mtaokoa shilingi 600. Je, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula, na kubeba mzigo, vitatoshea hapo? Kama haviwezi, bei ya Nairobi si nafuu. Afadhali mngoje mpaka muwe na mzigo mkubwa, au mwungane na kikundi kingine.

Kabla ya kutoa pesa, fanyeni hivi:

1. Shika katani. Ikiwa na unyevu, unalipia maji kwenye mizani. Ikinuka uvundo, iache.

2. Vuta uzi mmoja kwa nguvu. Ukikatika upesi, kiondo hakitabeba hata viazi.

3. Lowesha uzi wa rangi kwa maji moto na sabuni, kisha usugue kwa kitambaa cheupe. Kikishika rangi, usinunue.

4. Nunueni rangi ya kutosha oda nzima mara moja. Ya wiki ijayo huenda isifanane.

5. Waende watu wawili, na wadai risiti. Mweka hazina asome bei mbele ya wote.

Tena, msinunue chochote kabla ya kumwuliza mnunuzi anataka rangi gani na ukubwa gani. Katani iliyokaa stoo haileti chakula nyumbani.

Katika mkutano wenu ujao, leteni vipande vya katani kutoka sehemu mbili au tatu, mvijaribu pamoja. Wenye macho makali ni wale kina mama wazee. Wasikilizeni.