Mtambo wa RO ukishafunguliwa, nani atabadilisha filta?

Mtu wa Mtongwe hahitaji kufundishwa tofauti ya maji ya chumvi na maji baridi. Kisima kipo uani na maji yamo, lakini ni ya kufulia na kuoshea vyombo. Ya kunywa hununuliwa kwa mtungi. Maji ya bomba, ambayo upande huu wa Likoni hutegemea visima vya Tiwi na chemchemi ya Marere kule Kwale, huja yanapotaka. Ndiyo sababu mitambo ya kuondoa chumvi, ile tunayoijua kwa herufi mbili tu, RO, imepata soko pwani yetu. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilitangaza mpango wa mitambo mikubwa ya kusafisha maji ya bahari, mmoja wao hapa Likoni. Mwaka huo huo kule Kiunga, Lamu, shirika la GivePower liliwasha mtambo mdogo unaoendeshwa kwa nguvu za jua.

Kuufungua mtambo si kazi. Utepe hukatwa, picha hupigwa, kila mtu hupewa gilasi aonje. Kazi ni mwaka wa pili, wakati filta zimechakaa na aliyekata utepe hapokei simu. Makala haya ni kwa wale wanaobaki na mtambo: kamati za maji, wenye vibanda, misikiti na shule, na pia mnunuzi wa mtungi, kwa sababu yeye ndiye anayekunywa matokeo.

Ndani ya mtambo mna utando mwembamba uliokunjwa kama mkeka ndani ya bomba. Mafundi huuita membreni. Pampu husukuma maji kwa nguvu dhidi ya utando huo, maji hupenya, chumvi hubaki nyuma na kumwagwa pamoja na maji yaliyosalia. Kwa maji ya bahari, yenye chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita, presha hufika bar 55 hadi 70. Kwa kisima chenye chumvi ya wastani, 10 hadi 20 huweza kutosha. Gurudumu la gari dogo hujazwa kiasi cha bar 2, kwa hivyo pima mwenyewe.

Utando huo haupendi vitu vitatu: uchafu, ukoko na klorini.

Uchafu huzuiwa kabla, kwa tangi la mchanga na filta za maikroni 5. Filta hizi ni rahisi kuliko kitu chochote kingine mtamboni, na ndizo zinazosahauliwa zaidi. Zina geji mbili, moja kabla ya filta na moja baada. Tofauti kati ya hizo geji ikikaribia bar 1, filta imeziba, ibadilishwe. Kuna wanaoitoa, wakaipiga piga ukutani, wakaisuuza na kuirudisha. Wameokoa pesa kidogo, na mchanga waliouachia njia utaziba kitu kinachogharimu mara nyingi zaidi.

Ukoko ni ule ule mweupe unaoganda ndani ya birika. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita humo hubeba chokaa. Chumvi inapojikusanya upande wa maji machafu, chokaa huganda juu ya utando. Mtambo huwa na pampu ndogo ya kudondosha dawa ya kuzuia hali hiyo. Dumu la dawa likikauka Ijumaa jioni na mtambo ukaendelea kufanya kazi hadi Jumatatu, hakuna kengele itakayolia, lakini geji zitasema baada ya wiki chache.

Klorini ndiyo nataka kuikalia kidogo, maana hapa watu wema huharibu mtambo kwa nia njema. Tumefundishwa, na ni kweli, kwamba klorini huua vijidudu vya kipindupindu. Basi mlinzi wa mtambo hutia klorini kisimani. Au bomba la mji limekuja usiku, naye hujaza tangi la maji ghafi kwa maji ya bomba ili apumzishe kisima. Maji ya bomba yana klorini, na membreni nyingi za siku hizi huliwa na klorini. Watengenezaji hutaka isizidi miligramu 0.1 kwa lita kabla ya kufika kwenye utando. Kinga ni tangi la makaa maalum au dawa iitwayo sodiamu metabaisalfaiti, lakini makaa nayo huchoka na lazima yabadilishwe. Klorini ina hila nyingine: utando ukishatoboka toboka, mtambo huweza kutoa maji mengi kuliko jana. Mwenye mtambo hufurahi, akadhani umepona, na chumvi inapanda kimya kimya. Utando ulioliwa na klorini hausafishiki, hununuliwa mwingine. Mahali pa klorini ni baada ya utando, katika tangi la maji matamu. Hapo haina budi kutiwa, kwa sababu chumvi kuondoka si dhamana kwamba vijidudu havipo. Maji yatokayo safi mtamboni yakingia kwenye tangi bovu au mtungi mchafu yamerudi yalikotoka.

Halafu kuna stima. Ikipotea ghafla, maji mazito ya chumvi hubaki yamelala juu ya utando. Mtambo uliowekwa vyema hujisuuza wenyewe kwa maji matamu kabla ya kuzima. Kama wako haufanyi hivyo, mwendeshaji aufanyie kwa mkono mara stima inaporudi. Na ukifungwa kwa siku kadhaa, tuseme sikukuu, maji yaliyotulia huota utelezi. Usuuzwe kila siku, au kama ni wiki nyingi, ujazwe dawa ya kuhifadhi.

Yote haya hujulikana kwa daftari. Kila siku, saa ile ile, mtu aandike presha za geji zote, kiasi cha maji matamu, kiasi cha maji yanayomwagwa, na kipimo cha TDS, yaani chumvi jumla, ya maji yanayoingia na yanayotoka. Dakika kumi zinatosha. Maji matamu yakipungua kwa asilimia 10 hadi 15 kutoka hali ya mwanzo, ni wakati wa kuosha utando: kwa asidi kama ni ukoko, kwa dawa ya kali ya magadi kama ni utelezi. Ukisubiri yafike nusu, kuosha hakusaidii sana. Ulimi haufai kuwa kipimo. Binadamu huzoea chumvi kidogo kidogo, na anapoanza kulalamika mtambo umeharibika zamani.

Kipimo cha maji yanayoingia nacho kina habari zake. Chini ya ardhi ya pwani, maji baridi huelea juu ya maji ya bahari. Kwa kanuni ya wataalamu, ukishusha maji baridi kwa mita 1, ya bahari huweza kupanda hadi mita 40. Kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi huongezeka, pampu hufanya kazi zaidi na bili ya stima hupanda. Hapo dawa ni kuvuta polepole, si kununua pampu kubwa, na jirani mwenye kisima cha kawaida atashukuru.

Utando uliotunzwa hudumu miaka 3 hadi 5, hata zaidi. Kwa hivyo fedha za kununua mwingine zaweza kuwekwa akiba kidogo kidogo kutoka kila mtungi unaouzwa, katika akaunti isiyochanganywa na mishahara wala harambee. Wewe mnunuzi una haki ya kuuliza mambo matatu kibandani: filta ilibadilishwa lini, TDS ya leo ni ngapi, na klorini hutiwa wapi. Muuzaji anayeujua mtambo wake atakujibu huku akikujazia mtungi.