LAPTOPU YA TAWI INAPOANDIKA MAKOSA



Matawi yetu kadhaa yametia Linux katika laptopu za ofisi, kwa kuwa haina ada. Tangu hapo tunapata malalamiko ya aina mbili. La kwanza: ikiwashwa, huandika mistari ya "ACPI BIOS Error". La pili ni zito zaidi: katibu huifunika jioni betri ikiwa imejaa, asubuhi huikuta imezimika, na hesabu ya michango ambayo hakuihifadhi imepotea. Tawi moja liliambiwa na fundi kwamba mashine imekufa, inunuliwe nyingine. Fedha hiyo ni jasho la wachuma chai. Tusiitoe kabla ya kuelewa.

Ndani ya laptopu mtengenezaji ametia programu ndogo inayoamka kabla ya Linux. Hiyo huikabidhi Linux majedwali yanayoeleza betri inasomwaje, feni iendeshwe vipi na mashine ilale namna gani. Utaratibu huu, ACPI, ulitolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Mfano wake ni mnyapara wa usiku anayemwachia mwenzake wa asubuhi maelezo ya mitambo. Akitaja mtambo wa 7 na karakana ina 6 tu, wa asubuhi huandika kosa, kazi ikaendelea. Mistari ile mara nyingi ni hivyo: jedwali limetaja kitu kisichokuwapo. Kama betri inasomeka, feni inazunguka, na laptopu inalala na kuamka, iacheni.

Wako wanaoshauri kuandika "acpi=off" ili mistari ikome. Msikubali. Ni sawa na kung'oa kengele ya moto kwa sababu ina kelele. Laptopu haitaweza tena kusoma betri yake wala kulala.

Sasa habari ya betri. Hifadhini kazi yote kwanza, kisha andikeni:

cat /sys/power/mem_sleep

Jibu likiwa "[s2idle] deep", mabano yanaonyesha kwamba mashine hulala usingizi mwepesi, nao katika laptopu nyingine hula umeme usiku kucha. Jaribuni usingizi mzito:

echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Ilazeni, iamsheni. Ikiamka vizuri, ongezeni "mem_sleep_default=deep" katika mstari wa kuwashia Linux, maana jaribio hilo hufutika mashine ikizimwa. Isipoamka, shikilieni kitufe cha umeme mpaka izimike. Mkiiwasha itarudia hali ya zamani. Kama neno "deep" halimo kabisa, izimeni kila jioni, basi.

Kosa la majedwali yenyewe husahihishwa na mtengenezaji. Wengine hutoa masahihisho kwa njia ya "fwupdmgr get-updates", kisha "fwupdmgr update", wengine hawatoi. Chomekeni chaja, wala msifanye hivyo siku ya umeme wa kukatika-katika: kazi ikikatizwa katikati, laptopu yaweza isiwake tena.

Tawi likishindwa, lituletee aina ya laptopu na majibu ya "sudo dmesg --level=err" kabla ya kumlipa fundi yeyote.