Nani Amshauri Waziri Kuhusu Ndege za Jirani?

Januari 15, 2024, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ilitangaza kuwa kuanzia Januari 22 Kenya Airways isingeruhusiwa kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Abiria hawakuwa na kosa. Kenya ilikuwa imeikatalia Air Tanzania kusafirisha mizigo kati ya Nairobi na nchi ya tatu, haki ambayo TCAA ilisema imo katika makubaliano ya Novemba 2016.

Wataalamu huiita haki hiyo uhuru wa tano. Ndege ya mizigo inatoka Dar, inatua Nairobi, inapakia maua ya Wakenya na kuyashusha, tuseme, Dubai. Chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944, safari za ratiba haziingii nchi nyingine bila ruhusa yake, kwa hiyo haki kama hizi serikali hupatana mbili mbili.

Anayemshauri waziri kuhusu haki hizi ni nani basi? Mamlaka ya anga inajua kifungu kinasemaje. Mambo ya nje inajua jirani huyu tunamdai nini na anatudai nini kwenye mafaili mengine. Biashara, ambayo mara nyingi huitwa mwisho, ndiyo inayopaswa kumsemea mkulima wa maua. Huyo hajali bendera iliyochorwa mkiani. Anataka nafasi ya kupakia kabla maua hayajanyauka. Shirika la ndege la nyumbani linataka kinyume chake, yaani mshindani azuiwe, na serikali yenyewe inaweza kuwa na hisa humo: ya Kenya inamiliki asilimia 48.9 ya Kenya Airways. Ushauri ukitoka upande wa uchukuzi peke yake, maslahi ya shirika hupita kirahisi kama maslahi ya taifa.

Mvutano ule waliuzima wanadiplomasia. Siku ileile ya tangazo mawaziri wa mambo ya nje wa wakati huo, January Makamba wa Tanzania na Musalia Mudavadi wa Kenya, walizungumza, wakaahidi ufumbuzi ndani ya siku tatu. Kesho yake ruhusa ya Kenya ilikuwa imepatikana, na TCAA ikaondoa zuio. Kasi hiyo inasifiwa. Mimi inanipa shaka. Kama simu moja ilitosha, ingepigwa kabla ya tangazo, si baada ya watu waliokwisha kukata tiketi kuanza kuhangaika.

Ningeiachia mamlaka ya anga tafsiri ya mkataba, ila barua yoyote ya kulipiza kisasi ipite kwanza mambo ya nje. Biashara nayo ikae mezani tangu siku ya kujadili ni njia zipi zifunguliwe kwa mizigo.