Yai la Mfanyakazi Lisipotee Bure

Ndugu wafanyakazi, mshahara huzungumzwa kiwandani na shambani, lakini huishia jikoni. Mwenye watoto wanne hawezi kununua nyama kila siku. Yai moja lina kadiri ya gramu 6 za protini, yaani chakula cha kujenga mwili, nalo huiva kwa dakika chache na kwa mkaa kidogo. Kwa hiyo kila yai linaloharibika ni jasho lililomwagika.

Tuanze na kununua. Ganda la yai lina maelfu ya matundu madogo yasiyoonekana. Maji ya ndani hutoka polepole kupitia humo na hewa huingia, hata uwazi ulio upande butu hukua siku hadi siku. Ndiyo maana yai hupimwa kwa maji baridi. Likilala chini kwa ubavu, ni jipya. Likisimama wima chini ya bakuli, limekaa siku nyingi lakini laweza kuliwa likiiva sawasawa. Likielea, usilipeleke mezani. Kumbuka kwamba kipimo hiki chaonyesha umri tu. Hata yai la jana laweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Na kila yai lipasuliwe kwanza katika kikombe peke yake, maana viza moja huharibu yote yaliyomo bakulini.

Wachuuzi wa langoni huuza mayai yenye ufa kwa bei ya chini. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na hapa huvunja tumbo pia, kwa kuwa ufa ni mlango wa vijidudu. Yaache.

Nyumbani usiyaoshe mayai kabla ya kuyaweka. Ganda lina utando mwembamba unaoziba matundu, na maji huuondoa. Pangusa uchafu kwa kitambaa kikavu, uyaweke mahali pa baridi mbali na jiko, ncha nyembamba ikiwa chini. Kuosha ni wakati wa kupika, na mikono nayo ioshwe kwa sabuni.

Kuchemsha kuna siri yake, hasa kwa anayehesabu mkaa. Weka mayai katika maji baridi yanayoyafunika kwa upana wa vidole viwili. Maji yakichemka, funika sufuria, ipua, uache dakika 12. Moto uliobaki upikie mboga. Hivyo ndivyo afanyavyo ndugu wa mkonge kule Tanga, karibu na bahari. Lakini wenzetu wa mashamba ya chai ya Kericho wako kadiri ya mita 2,000 juu ya bahari, na huko maji huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi badala ya 100. Wao wasiipue, waache sufuria motoni maji yakitokota polepole dakika 10 hadi 12. Asiyejua jambo hili hulaumu sufuria bure!

Yai likizidi kupikwa, kiini huzungukwa na rangi ya kijani. Si sumu. Ni chuma cha kiini kilichokutana na salfa ya ute. Likitoka motoni litie katika maji baridi, na rangi hiyo haitatokea kwa urahisi. La kutagwa leo ni gumu kumenya. Chagua lililokaa siku tano au sita.

Anayebeba yai kazini alichemshe alfajiri ile ile, alibebe na ganda lake, alitunze kivulini na kulila saa ya chai. Lililochemshwa huharibika upesi kuliko bichi, kwa hiyo lisingoje jioni.

Mayai manne hayawatoshi watu saba, ila yakikatwa nusu na kutiwa katika mchuzi mzito wa nyanya, kitunguu na nazi, kila mtu hupata. Jirani zetu wa Uganda wana ujanja mwingine: mayai mawili hupigwa pamoja na kabichi, kitunguu na nyanya, hukaangwa, kisha huviringishwa ndani ya chapati. Huitwa roleksi, na hushibisha kweli. Ukinunua barabarani, mwambie muuzaji akaange mpaka pasibaki majimaji.

Limebaki jambo moja. Zamani katika Buganda wanawake walikatazwa mayai. Hata Tanzania wako wanaomwambia mjamzito kwamba akila yai mtoto atazaliwa bila nywele. Maneno hayo hayana ukweli, na aliyekatazwa ndiye mwenye haja kubwa ya chakula hicho. Mjamzito apewe lake, kiini kikiwa kigumu. Mtoto aliyetimiza miezi 6 apewe lililoiva kabisa na kupondwa laini, kidogo kwanza, mama akiangalia kama ngozi yake itatoka vipele.